Nyumba ya Pamba, Fedha za Dagaa

Fundi alipiga tindo mara mbili tatu, plasta ikabanduka na kutuangukia miguuni. Tulitegemea kukuta saruji. Tulikuta matofali ya kuchoma yaliyoshikana kwa udongo. Udongo mtupu, wa kahawia, ambao ukiupitishia ukucha unamomonyoka.

Fundi akacheka. "Injinia, hii nyumba imesimama kwa imani."

Saidia fundi naye akacheka. Mteja wangu hakucheka. Alikuwa nyuma yetu akijipepea kwa kofia, maana ilikuwa saa saba mchana na jua la Mwanza likishagonga mawe linakurudia mara ya pili kutoka chini. Akasema, "Basi imejijibu yenyewe. Tunavunja."

Mimi si injinia. Nachora ramani za nyumba, lakini hapa mjini ukishika futi na karatasi wewe ni injinia, na nimeacha kusahihisha watu. Nimechora nyumba za familia Buswelu, hosteli za wanafunzi Nyegezi, na frem za maduka kila pembe ya jiji hili. Sijawahi kulipwa kwa kulinda nyumba. Nalipwa kwa kuchora kitakachokuja baada yake. Na mteja huyu alikuwa ameniita kwa kazi safi kabisa: nipime kiwanja, nimchoree ghorofa sita, chini frem, juu ofisi za kupangisha, mbele vioo.

Wakati wanaondoka nilitundika timazi kwenye ukuta ule wa udongo. Ghorofa moja nzima kwenda juu, unene wa karibu nusu mita. Uzi ulishuka ukiwa sambamba na ukuta kuanzia juu hadi chini.

Nikarudi nyumbani. Wiki zikapita sijachora mstari.

## Mnaijua

Sitautaja mtaa, kwa sababu biashara ya mtu si ya kuanikwa mtandaoni. Iko katikati ya mji, upande wa Makoroboi. Ukipita Rwagasore, Liberty au Lumumba umeshaona ndugu zake: chini duka, juu makazi, roshani ya mbao inayoning'inia mbele, na juu kabisa ule ukuta wa mapambo ambapo mwenye nyumba aliandika jina lake na mwaka kwa saruji. Kwenye hii, jina na mwaka vimefunikwa na bango la wakala wa pesa.

Mbele kuna baraza refu lenye nguzo. Kwenye baraza wapo mafundi cherehani, safu nzima, miguu inakanyaga pedali toka asubuhi. Mlango wa mbele ni wa mbao ya kuchongwa, mzito, wa mabawa mawili, na umepakwa rangi ya mafuta mara nyingi mpaka maua yake yamekuwa mabonge.

Nyuma kuna ua. Kisima kilichozibwa, stoo mbili za mabati, choo, na mlango mwingine wa mbao za kawaida unaotokea uchochoroni.

Huo mlango wa pili nitaurudia.

## Mizani

Kila mtu anayeniuliza habari za nyumba hii huanza hivi: "Si ni ya Mhindi ile?" Kana kwamba hapo mjadala umekwisha.

Ndiyo, aliijenga Mhindi, na duka lilikuwa la vitambaa. Lakini kabla hatujaendelea, tujiulize fedha za kuijenga zilitoka wapi. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Kabla ya hapo pamba ya Usukuma ilikuwa ivuke ziwa kwa meli mpaka Kisumu, ipande reli ya Uganda ikatafute bahari Mombasa. Baada ya hapo ikapata njia yake ya moja kwa moja hadi Dar es Salaam. Vinu vya kuchambua pamba vikaongezeka, na kila msimu wa kuuza ulipofunguliwa, mtu wa Kwimba au Maswa aliyekaa mwaka mzima bila shilingi alishika fedha kwa mkupuo. Akaja mjini kununua khanga, jembe, baiskeli, na kama mavuno yalikuwa ya baraka, cherehani.

Maduka ya chini kwenye nyumba hizi yalijengwa kwa ajili ya miezi hiyo michache. Nenda uangalie boriti zake. Zimewekwa karibu karibu kuliko inavyohitajika kwa sakafu ya kulala watu, kwa sababu juu, chumba cha nyuma, kulikuwa kunalundikwa majora ya vitambaa kusubiri msimu.

Kwa hiyo ni nyumba ya pamba. Na habari ya pamba ina upande wake mchungu, sitaki kuupita kimyakimya. Wakulima walipunjwa kwenye mizani. Malalamiko hayo ya mizani ndiyo yaliyowafanya mwanzoni mwa miaka ya 1950 waanze kuweka wapimaji wao wenyewe, na kutoka hapo ikakua harakati ya ushirika ambayo kijana Paul Bomani aliiongoza. Mwaka 1955 vyama vyao viliungana wakaunda shirikisho la Victoria, lililokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika Afrika. Mwenye nyumba hii aliuza vitambaa, hakununua pamba. Lakini shilingi ya mkulima ilikuwa imeshapita kwenye mizani kabla ya kufika kwenye kaunta yake.

Nilipofika hapo kwenye mawazo yangu nilidhani nimepata hoja ya kumpelekea mteja: bosi, nyumba hii wamejenga wazee wetu kwa jasho la shambani, tuitunze.

Nikampelekea.

## "Babu yangu aliingilia nyuma"

Mteja wangu ana stoo ya dagaa Kirumba, karibu na soko la samaki la Mwaloni. Magunia yamepangwa mpaka kwenye kenchi, na harufu ukikaa nayo nusu saa huisikii tena. Alinisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu wa kusikiliza, na hii ndiyo sababu nampenda.

Kisha akasema: "Babu yangu alitoka Ukerewe akawa hamali kwenye nyumba ile. Alibeba majora kutoka stesheni mpaka pale, mgongoni. Mlango wa mbele hakuugusa. Aliingilia nyuma, uchochoroni, akatoka nyuma. Leo mjukuu wake ameinunua kwa fedha halali. Wewe injinia unakuja kuniambia niitunze iwe kumbukumbu. Kumbukumbu ya nani?"

Sikuwa na jibu.

Nilikunywa chai yake, nikaaga. Njiani, ndani ya daladala, nilijaribu majibu yote ambayo nimewahi kuyasikia kwenye semina. Utalii. Urithi wa taifa. Utambulisho wa jiji. Kila moja nililomfikiria akilisikia niliona namna atakavyonitazama.

Maana katika jiji hili, ukisema "nyumba ya kale", watu wanageuza shingo kuelekea kilimani kwenye mabaki ya Mjerumani. Jiwe lenyewe pale ziwani, ambalo lipo kwenye kila kadi ya posta ya Mwanza, tunaliita Bismarck, jina la chansela wa Ujerumani ambaye hakuwahi kutia mguu hapa. Hatujafika mbali sana. Mtu ambaye babu yake aliingilia mlango wa nyuma ana haki ya kuuliza kwa nini kila tunachotakiwa kukitunza ni cha aliyekaa mbele.

## Mwaka 1863

Nikakimbilia sheria. Nilifikiri huko ndiko kuna jibu lisilo na hisia: ama nyumba inalindwa, ama hailindwi, mimi na mteja tutii.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964. Jengo linalotambuliwa moja kwa moja kuwa la kale ni lile lililojengwa kabla ya mwaka 1863. La baada ya hapo linasubiri Waziri alitangaze.

1863! Kwa Kilwa, Bagamoyo na mwambao kwa ujumla, tarehe hiyo ina mantiki. Kwetu huku ni kichekesho. Mpelelezi Mwingereza Speke alilifikia ziwa hapa Mwanza Agosti 1858, na Mjerumani aliweka kituo chake mwaka 1892. Waliokuwa wakiishi hapa siku zote hizo walijenga misonge ya miti na nyasi, nyumba nzuri zinazofaa hali ya hewa, lakini ambazo hujengwa upya kila kizazi na hazingoji kutangazwa na mtu. Kwa hiyo kwa kipimo hicho jiji zima la Mwanza, kutoka Igogo mpaka Kirumba, ni jipya.

Lakini sheria hiyohiyo ina kifungu kingine kilichonikalisha chini. Mlango au fremu ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940 ni kitu kinacholindwa.

Maana yake ule mlango wa mbele wenye maua yaliyokuwa mabonge unaweza ukawa na ulinzi wa sheria ambao nyumba yenyewe haina. Mnaweza kubomoa kila kitu, mlango ukabaki umesimama.

Na mlango wa nyuma, ule wa mbao za kawaida, hauko kwenye kifungu chochote.

## Zilizochukuliwa na zilizoachwa

Kati ya mafundi cherehani wa pale barazani kuna mzee mmoja ambaye wenzake wote wanamwita Baba Mkubwa. Ana cherehani nyeusi ya miguu na miwani iliyofungwa uzi. Nilimpelekea suruali ipunguzwe ili nipate sababu ya kukaa.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kutuvunjia?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

Yeye ndiye aliyenieleza kwa nini nyumba hii imebaki mikononi mwa familia ile mpaka ilipouzwa, wakati ile ya jirani ilikwenda serikalini. Mwaka 1971 ilipotoka sheria ya kutwaa majengo, yalilengwa majengo ya thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo mwenyewe hakuyakalia yote. Jirani alikuwa amepangisha. Huyu alikuwa na duka lake chini na wanawe juu, hakuwa na mpangaji hata mmoja. Ya jirani ikaenda kwa Msajili wa Majumba. Na kwa kuwa ilikuwa na zaidi ya miaka kumi tangu ijengwe, fidia hakuna.

Ukitembea katikati ya Mwanza na jicho hilo, unaanza kuzisoma nyumba upya. Zile zilizochukuliwa 1971 zilisimama kwa sababu hakukuwa na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuzivunja akatajirika. Na zilichakaa kwa sababu ileile: mpangaji analipa kodi ndogo, ukarabati si wake, gata likitoboka anaweka ndoo. Sasa bei ya ardhi imepanda kila upande wa mji, na ule usingizi umekwisha kwa zote mbili, zilizochukuliwa na zilizoachwa. Watu wanatoa kilemba cha mamilioni kuingia kwenye frem ambayo ukuta wake unatoa unga.

Baba Mkubwa alikunja suruali yangu akaiweka pembeni. Akaniambia jambo ambalo sikulitegemea.

"Mimi ukiniuliza, afadhali mvunje kuliko kuifanya makumbusho. Mkivunja, kuna siku nitapata baraza lingine. Mkiifanya makumbusho, mtaweka kamba hapa na askari."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliona wamachinga walivyoondolewa barabarani mwishoni mwa 2021, Makoroboi ikabaki nyeupe kwa siku kadhaa mpaka ukaona rangi ya lami. Anajua jinsi usafi unavyofanyika.

## Udongo hauna kosa

Nirudi kwenye ukuta kidogo, kwa sababu ndio ulionipa kitu cha kushika wakati mengine yote yanateleza.

Nilipanda tena pale siku ya Jumapili, duka limefungwa, nikazunguka na tochi. Fundi alikuwa amecheka udongo. Lakini mahali udongo na plasta ya zamani ya chokaa vilikuwa havijaguswa, ukuta ulikuwa mkavu. Mahali palipooza ni pale ambapo mpangaji fulani, miaka ya nyuma, aliziba kwa saruji. Kimo cha kiuno kwenda chini, rangi imefura mapovu, na ukibandua saruji, tofali la nyuma yake limekuwa unga wenye chumvi nyeupe.

Sababu yake si uchawi. Mji wetu umekaa juu ya mwamba. Mvua ikinyesha vilimani maji hayana pa kuzama, yanateremka na kutambaa chini ya misingi. Ukuta wa zamani unayanyonya, na chokaa, kwa kuwa ni laini na ina vitundu, inayaacha yatoke upande wa pili yakauke. Saruji ni ngumu na inabana. Ukiipaka juu ya tofali laini, unyevu unafungwa ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta, na tofali linakufa wakati plasta yenyewe inaonekana nzima.

Dawa ipo na si ghali: chokaa na mchanga, kiasi cha moja kwa tatu, ukuta uloweshwe kwanza, kazi ikaushwe taratibu chini ya magunia yaliyolowa. Ugumu wake ni muda. Chokaa inakaza kwa kunyonya hewa ukaa, wiki na wiki, na hakuna fundi anayelipwa kwa siku atakayesubiri, wala mteja atakayemlipa asubiri. Pia kona ya kaskazini yote imeharibiwa na kiungo kimoja cha gata. Kimoja. Mtu angepanda ngazi mara moja kwa mwaka kabla ya masika, kona ile ingekuwa salama.

Hapo nikajua angalau kitu kimoja kwa hakika. Nyumba haikuwa inaanguka. Kuvunja ni uamuzi wa mtu, na mtu huyo asijifiche nyuma ya udongo.

## Bikoni

Halafu nikapima kiwanja, kazi ambayo nilipaswa kuifanya siku ya kwanza.

Mteja alinipa nakala ya hati yenye mchoro wa upimaji. Nikatafuta bikoni, yale mawe ya mpaka. Mbili za nyuma nilizipata uchochoroni chini ya takataka. Za mbele zilinisumbua mpaka nilipoacha kuzitafuta ukingoni mwa barabara. Mpaka wa kiwanja unapita kwenye mstari wa ukuta wa duka. Baraza zima, nguzo, roshani iliyo juu yake, vyote viko nje ya kiwanja, juu ya ardhi ya barabara.

Nilipima mara ya pili, nikiamini nimekosea. Hapana.

Kwa hiyo lile baraza halikuwahi kuwa la Mhindi. Wala si la mteja wangu. Kodi ndogo ndogo ambazo mafundi cherehani wamekuwa wakimlipa mwenye duka kwa kukaa pale, walikuwa wanalipia mahali ambapo mwenye duka mwenyewe alikuwa mgeni. Nilimwambia Baba Mkubwa. Alivua miwani, akaifuta, akasema, "Basi wanirudishie changu," kisha akacheka kwa mara ya kwanza.

Jambo hili lilibadilisha hesabu. Nyumba ya zamani imejaa kiwanja kuanzia ukingo hadi ukingo, na mbele imezidi. Jengo jipya likija na kibali kipya litatakiwa kuacha nafasi mbele na pembeni. Ukivunja, baraza halirudi, roshani hairudi, na frem za chini zinapungua kina. Ukiiacha sehemu ya mbele, unabaki na kila mita uliyoikuta.

Hii ni lugha ambayo mtu wa dagaa anaielewa bila semina. Nikarudi mezani na kuanza kuchora.

## Nilichochora

Nilichora nyumba ya mbele ibaki: duka, ngazi ya mbao, vyumba vya juu, roshani, baraza. Plasta ya saruji ibanduliwe, chokaa irudi, gata jipya, bango liondolewe mwaka usomeke. Nyuma, kwenye ua, stoo na choo vivunjwe, isimame ghorofa nne nyembamba yenye nguzo zake na msingi wake, isiyoegemea ukuta wa udongo. Ofisi zilizopotea juu zinafidiwa na kina cha frem za chini. Kwenye baraza niliandika kwa herufi kubwa: NJIA YA UMMA, ISIZUNGUSHIWE. Najua maandishi kwenye ramani hayamzuii mtu kuweka geti la chuma siku ya pili baada ya kufungua. Niliandika hivyo hivyo.

Mchoro ulikuwa mzuri. Siku mbili nilijipongeza.

Siku ya tatu niliutazama tena nikaona nilichofanya. Nilikuwa nimehifadhi kila alichokigusa tajiri, na nilikuwa nimevunja kila alichokigusa hamali. Mlango wa kuchongwa umebaki. Roshani imebaki. Ua, stoo ya majora, mlango wa uchochoroni, vyote vimefutwa kwa kalamu moja ili kupisha ghorofa. Na kwa sababu nzuri tu za kiufundi: stoo ni mabati, ua ndiyo nafasi pekee, mlango ni mbao za kawaida zilizoliwa na mchwa chini.

Sababu za kiufundi siku zote ni nzuri.

Nilifikiria kuchora upya. Lakini ukiondoa ua hakuna pa kuweka ghorofa, na bila ghorofa hakuna fedha ya chokaa, na bila fedha tunarudi kwenye vioo na ghorofa sita. Nikaamua kumpelekea kama ulivyo, na kumwambia ukweli wa kilichopotea.

## Kirumba tena

Alitandika karatasi juu ya magunia. Alizisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Nilimweleza kuhusu bikoni, akapiga mluzi. Nilimweleza kuhusu chokaa, akauliza bei ya mfuko na kuandika nyuma ya risiti. Mchoro wa mbele aliuangalia muda mrefu kuliko nilivyotegemea, akasema tu, "Inapendeza, siwezi kusema uongo."

Kisha akauliza swali ambalo kila mteja wa Mwanza huuliza, na ambalo kwa ujinga wa mapenzi ya nyumba nilikuwa nimelisahau.

"Paking iko wapi?"

Nikamwonyesha kona ya ua: magari matatu, yakibanana manne, yakiingilia uchochoroni. Kwa hiyo hapa, nikamwambia, tunavunja ukuta wa nyuma na huu mlango, tunaweka geti la mita nne. Nikamwambia na lile lingine pia, kwamba huo ndio mlango aliouzungumzia siku ile, na kwamba kwenye mchoro huu haupo.

Alinyamaza. Kijana wake aliingia na daftari la mizigo ya kwenda Kongo, akamwashiria asubiri.

"Huu usiuguse," akasema.

"Bosi, gari halipiti hapo. Una upana wa mita moja na robo."

"Najua upana wake." Akakunja karatasi, akanirudishia. "Tafuta paking mahali pengine. Mlango na ukuta wake vibaki."

Hakuna mahali pengine. Nimezungusha kiwanja kile kwenye karatasi kwa kila namna, nimejaribu kupitisha gari chini ya vyumba vya mbele na ngazi inakatika, nimejaribu kukodi nafasi kwenye kiwanja cha jirani na jirani anataka fedha ya mwaka mzima mbele. Bila paking, kibali kitakuwa kigumu na wapangaji wa ofisi hawatakuja. Kesho asubuhi nina miadi na afisa mipangomiji kumuuliza kama jengo linaweza kusamehewa maegesho endapo sehemu ya zamani inahifadhiwa. Kama kuna msomaji aliyewahi kuombea jengo lake msamaha wa namna hiyo, hapa Mwanza au kwingine, aniandikie kabla ya saa tatu.